Matairi Manane ya Sadao

Mlima Chokai ulikuwa umekwisha kuvaa nyeupe mara mbili, na sisi watu wa huku juu hatuhitaji redio kutueleza maana yake. Mara ya kwanza mlima unatania. Mara ya pili unaonya. Mara ya tatu theluji inateremka mpaka kwenye paa lako, na ikikukuta bado una matairi ya kiangazi, shauri yako.

Ndiyo maana asubuhi ile Kinue alikuwa bandani, akiviringisha matairi ya theluji moja moja kuyapeleka kwenye kipikapu, huku mgongo ukimlalamikia kila alipoinama. Tangu aolewe hakuwahi kuigusa kazi hii. Ilikuwa ya mumewe, Sadao. Novemba ikiingia, Sadao alikuwa akipiga magoti uani, jeki huku na spana kule, anavua matairi ya kiangazi na kufunga ya theluji. Aprili anarudi palepale kuyabadilisha tena. Majirani waliopeleka magari yao kwa fundi aliwaita mabibi harusi, na alihakikisha wanamsikia.

Sasa Sadao alikuwa ameketishwa ndani ya kipikapu, kiti cha abiria, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo aliopewa kumshikia mtu. Sukari ilimla figo kwanza. Kisha Juni hii, miche ya mpunga ikiwa ndiyo kwanza imeshika, kiharusi kikamwangusha kando ya majaruba yake mwenyewe. Tangu siku hiyo dereva ni Kinue. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anamteremsha bondeni hospitali, anamngoja asafishwe damu kwenye mashine, anampandisha tena mlimani. Mashine ile haijui habari za theluji. Sadao akikosa siku moja, miguu inavimba na pumzi zinambana. Akikosa ya pili, hakuna mtu nyumbani anayependa kuimalizia sentensi hiyo.

"Usiyaburute!" Sadao alipiga kelele kupitia dirishani. "Yaviringishe! Hayo ni mapya hayo, msimu mmoja tu yametembea."

"Ukiona nakosea, shuka ubebe wewe."

Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. Sadao alitazama mbele. Kinue alipakia tairi la mwisho, akafuta mikono kwenye aproni, akaingia kwenye usukani na moyo mzito. Hakuwa mwanamke wa ulimi mkali. Ulimi ule ulikuwa umekuja wenyewe kiangazi hiki, kama upele.

Walipokuwa wakiteremka alikumbuka simu ya binti yao, Mizuho, aliyeolewa Iwaki, kule pwani, ambako theluji ikianguka watoto hutoka mbio kuiona kabla haijayeyuka. Mizuho hazungushi maneno. "Mama, achana na matairi ya theluji," alisema. "Weka yale ya misimu yote, halafu mje. Chumba kipo. Hospitali yenye mashine iko mtaa wa pili. Unangoja nini? Ungoje uteleze na baba kwenye ile kona ya daraja?"

"Tutaona," Kinue alijibu.

Na kwetu, mtu akisema tutaona, ujue anamngoja mwingine amsemee. Kwa sababu ukweli wenyewe Kinue alitamani kwenda. Alitamani mpaka akaona haya. Majira ya baridi yaliyopita, akiwa juu ya paa na sepetu, akipakua theluji iliyokuwa imefika kiunoni, alijikuta anaomba paa lianguke tu, ili aulizwe na watu, naye ajibu kwamba hapakuwa na la kufanya. Lakini paa halikuanguka. Alilijenga baba yake Sadao, na wale walijenga kwa kukomoa.

Lakini kumwambia Sadao hakuweza. Siku ya kwanza alipoingia nyumba ile akiwa bi harusi, mama mkwe alimketisha jikoni, akamwekea figili zilizokaushwa kwa moshi na chai, akamwambia: humu ndani kuna neno moja halisemwi. Nimechoka. Aliyechoka anyamaze, akaongeze kuni. Mama mkwe alikufa zamani, mifupa yake imetulia kilimani, lakini neno lake halikuzikwa naye. Kinue hakulisema, wala halikuwahi kusikika kinywani mwa Sadao, hata siku zile anarudi toka kwenye mashine, uso umepauka kama tofu.

Duka la matairi la Onodera lilikuwa limejaa, maana kila mtu alikuwa ameuona mlima. Onodera, mwanamume mnene wa makamo mwenye sauti ya mnadani, alimwona Sadao akateremsha spana.

"Shikamoo, mzee! Kumbe na wewe leo bibi harusi?"

"Marahaba. Nimekuja kukagua kama umekwisha jifunza kazi."

"Bado, mzee. Nangoja uniachie ufundi kwenye wosia."

Sadao alicheka kwa nusu ya mdomo inayocheka. Onodera akamsaidia kushuka, akamkalisha kwenye kiti kando ya jiko la mafuta ya taa, akamnunulia kopo la kahawa ya moto kwenye mashine ya kuuzia vinywaji na kulifungua kabisa ili mzee asihangaike. Kisha akatoka nje na Kinue kuyashusha matairi.

Alishika la kwanza, akanyamaza. Onodera akinyamaza, ujue kuna jambo. Alitia ukucha katikati ya meno ya tairi, akaligeuza, akashika la pili.

"Mama, haya mmeyatoa wapi?"

"Bandani. Si ndiyo yale uliyotuuzia?"

"Haya yana kipara. Ona hivi vijinundu humu kati. Meno yakishalika yakalingana na vijinundu, tairi la theluji limekufa. La kumalizia kiangazi tu hili."

Hilo Kinue alilijua, nani asiyelijua? Sisi hatutupi tairi la theluji lililozeeka. Tunalifunga kwenye gari kiangazi, lisuguliwe na lami mpaka liishe kabisa, na lile zuri linalala bandani gizani kungoja baridi. Ndivyo walivyofanya baba zetu na ndivyo tunavyofanya, hata kama polisi wa barabarani wanatukunjia uso mvua zikianza. Kwa hiyo kila nyumba ina matairi manane, manne ya kuua na manne ya kutunza.

Onodera alizunguka kipikapu, akachuchumaa, akapapasa matairi yaliyokuwa chini ya gari. Alianza kucheka.

"Mama, haya uliyokuja nayo ndiyo niliyowauzia! Yaani yale mazuri mmeyasugua lami kiangazi kizima, na hii mizoga mkaifungia bandani mkaitunza kama mayai! Nani huyo aliyefunga..."

Kicheko kikakatika. Wote wawili waligeuka kutazama kioo cha duka, na nyuma ya kioo Sadao alikuwa akinywa kahawa, kopo katika mkono wa kushoto, akichunga lisimmwagikie.

"Punguza sauti," Kinue alisema.

"Samahani, Mama."

"Na haya ya kwenye gari? Hayafai hata kidogo?"

Onodera alitikisa kichwa. Yalikuwa yametembea mno, tena kwenye joto. Mpira ulikuwa umekauka na vijinundu vilikuwa vinachungulia. Kwa kuzunguka mtaani labda, lakini kwa kona ya daraja, asubuhi ya Februari, na mgonjwa ndani? Asingeweza kuibeba dhamana ya namna hiyo.

Na kwa aibu ya Kinue, kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Paa lilikuwa limeanguka. Matairi yote manane yamekufa, mlima umevaa mara mbili, na si yeye aliyeyaua. Nafuu ile ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha akamwona tena mumewe kupitia kioo. Mtu aliyejivunia matairi maisha yake yote alikuwa ameyachanganya kama mtoto. Akiambiwa, itamuumiza kuliko sindano zote za mashine. Kinue aliamua hatamwambia.

Waliingia ndani. Onodera alipanga matairi matatu mapya sakafuni mbele ya mzee, kama mtu anayetandika nguo mnadani, akajitahidi kurudisha sauti yake ya kawaida.

"Haya, mzee. Hili la theluji. Laini, linang'ang'ania barafu, lakini kwenye tope meno yake yanajaa na linateleza. Hili la matope. Ona meno yake, hili jarubani linapita kama nyati. Ila kwenye barafu ni gumu, na kwenye lami linavuma hadi masikio yaume. Na hili la misimu yote. Lami, mvua, theluji kidogo, halivuliwi mwaka mzima."

"La matope," Sadao alisema papo hapo.

"Baba Mizuho..."

"Aprili nitakuwa majarubani. Ile njia ya chini inameza gari. Unataka nikwame mbele ya watu?"

Mpunga wa mwaka huu ulivunwa na jirani, na Sadao aliutazama kupitia dirisha la chumbani. Onodera alikohoa.

"Na barafu, mzee?"

"Barafu ni kuijua tu. Na hilo lako la misimu yote ondoa hapa. Mshika mbili moja humponyoka. Hilo limeshika ngapi? Lami, mvua, theluji, tope! Litaponyokwa na vyote siku moja."

"Mchagua jembe si mkulima, mzee."

"Ni mkulima asiyetaka kuuziwa takataka."

Onodera alicheka, kisha akamgeukia Kinue, maana aliona nani atakayeshika usukani. "Kwa pale mnapokaa, Mama, nikisema kweli ni hili la theluji. Mkilitunza, linawapeleka majira manne ya baridi, hata matano."

Manne. Hata matano. Kinue akashika ukingo wa kaunta. Aliliona paa lile mara tano. Aliliona greda likipita alfajiri na kuacha ukuta wa theluji mbele ya lango, naye akiuvunja kwa sepetu ili gari litoke, mgonjwa akingoja ndani kavaa tayari. Aliiona kona ya daraja, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Alitaka kuketi chini palepale, sakafuni, katikati ya matairi, asiinuke.

"Tufungie ya theluji," alisema, kwa sauti ya mtu anayesaini hukumu yake.

"Kwani yale mapya yamekuwaje?" Sadao aliuliza.

Kinue hakuwa amejiandaa. "Yameharibika."

"Yameharibikaje, bandani?"

"Panya."

"Panya?"

"Panya wameyatafuna."

Sadao aliweka kopo la kahawa kwenye goti, akamtazama mkewe. Ule upande wa uso ulio hai ulianza kutikisika, na mtu angeweza kudhani anataka kucheka.

"Mama Mizuho, panya wa huku wanakula mchele, wanakula sabuni, mwaka ule walikula kofia yangu ya harusi. Lakini raba? Mtoto wako akikuambia uongo wa namna hii ungempa kofi."

"Basi sijui, nimesahau, mimi ndiye niliyepanga vibaya nilipo..."

"Acha," Sadao alisema. "Mimi najua tangu Aprili."

Mkono wake wa kushoto ulianza kupapasa ule wa kulia, kama anauamsha.

"Niliyavua yote, nikayaosha yote manane, nikayapanga uani yakauke. Nikaja kunywa chai. Niliporudi nikaanza kufunga. La tatu ndipo nikaona. Nimekwisha kaza nati, nikapitisha kidole kwenye meno, nikasema, ala! Hili si ndilo jipya? Nikageuka, nikayaona yale mazee yamelala ukutani yananitazama. Nikasema nifungue, nianze upya. Nikashika spana. Mkono hauitiki." Aliutazama mkono ule. "Nikaketi kwenye tope pale. Nikakaa weee. Halafu nikafunga la nne."

"La nne?"

"Nikafunga la nne, nikaingia ndani, nikakwambia kazi imekwisha."

"Na mimi nikakukaangia samaki," Kinue alisema polepole. Aliikumbuka siku ile. Alimsifu hata.

"Ukanikaangia samaki."

Hasira zilimpanda Kinue kama maziwa kwenye jiko. Kiangazi kizima alikuwa amesugua matairi yale, kwenda na kurudi, na mtu huyu ameketi kando yake, kwenye kiti kilekile, anajua, amefunga mdomo. "Ungesema neno moja!" alisema. "Neno moja tu, Baba Mizuho, ningeyaleta kwa Onodera siku ileile! Ulikuwa unaogopa nini? Kuchekwa?"

"Nilichoka, Kinue."

Tangu Mizuho azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake. Na lile neno jingine hakuwahi kulisema hata mara moja. Yote mawili yalitoka pamoja, kwa sauti ndogo, kando ya jiko la mafuta ya taa, katika duka la watu. Onodera alikumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kutafuta nje.

Kinue alivuta kiti akaketi. Hasira yake ilitafuta pa kushika, ikakosa.

"Na mimi nimechoka," alisema. Akangoja kidogo, kana kwamba mama mkwe angetokea nyuma ya rafu ya mafuta ya injini. Hakutokea. "Nimechoka na paa. Nimechoka na sepetu. Nimechoka na ile kona. Kila Jumapili usiku silali kwa sababu kesho ni Jumatatu. Leo Onodera aliponiambia matairi yamekufa nilifurahi. Unasikia? Nilifurahi."

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Umechoka tangu lini?"

"Tangu theluji ya mwaka juzi."

Sadao aliitikia kwa kichwa. "Mimi tangu kabla ya hapo."

Walitazamana kama wateja wawili waliogundua wameuziwa saa mbovu na mchuuzi mmoja. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anaongeza kuni ili mwenzake asijue. Kinue alitaka kucheka, machozi yakawahi. Akajifuta kwa aproni, na Sadao akajifanya anakagua tairi la matope.

"Mizuho anasema chumba kipo," Kinue alisema.

"Najua. Simu yako inapiga kelele, nasikia kila kitu. Mimi naumwa mkono, si masikio." Alilisukuma tairi la matope kwa ncha ya fimbo mpaka likaanguka kwa kishindo. "Onodera! Rudi ndani, tumekwisha kulia! Lete hilo la mshika mbili."

Onodera alirudi akiwatazama kwa zamu. "La misimu yote? Mzee, sitakudanganya kwa sababu ya biashara. Kwa pale juu barafu ikishaganda, hayatakushika."

"Hatutakuwa juu."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa mtoto. Iwaki."

Onodera alitazama dirishani, upande wa mlima, ambako mawingu yalikuwa yamekaa chini. "Mlima umeshavaa mara mbili, mzee. Mna siku chache."

"Basi mbona unaongea badala ya kufunga?"

Kazi haikuchukua muda. Mashine ya Onodera ilizifungua nati kwa mlio mmoja mmoja, zile nati ambazo Sadao alikuwa akizizungusha kwa mkono huku akiimba. Sadao aliomba atolewe nje aone. Alisimama na fimbo, Kinue akimshika kiwiko, upepo ukiwa na harufu ile ya chuma ambayo kwetu kila mtu anaijua. Hakukosoa chochote. Alipoulizwa yale ya zamani yafanyweje, alisema yatupwe, yote manane.

Tairi la mwisho lilipokazwa, Onodera alipapasa mfuko wa ovaroli, akatoa kipande cha chaki akamnyooshea. Ilikuwa desturi ya miaka. Mzee huyu hakununua tairi pale bila kuliandika mwenyewe kabla halijaondoka: mbele kulia, nyuma kushoto, ili siku ya kuvuliwa lijulikane lilikaa wapi na msimu ujao lihamishwe. Mtu mwingine akiandika, alifuta.

Sadao aliipokea chaki kwa mkono wa kushoto. Aliinama kidogo, Kinue akamkaza kiwiko asianguke. Alilitazama tairi, jeusi, jipya, lenye vinywele vya raba bado. Kisha akajinyoosha.

"Ya nini?" alisema. "Haya hayavuliwi."

Akamrudishia Onodera chaki yake. Kinue akamwingiza garini, akamfunga mkanda, akamfunika blanketi magotini, akawasha gari waende wakafungashe.